Kiingereza cha shuleni Uganda: maswali ninayoulizwa na wazazi wanaosema Kiswahili

Ninafundisha P4, yaani darasa la nne, katika shule ya serikali wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, si mbali na kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Baba yangu alikuwa askari, nikakulia katika kambi za jeshi, na Kiswahili ndiyo lugha niliyoikuta nyumbani. Wazazi wengi wanaonitafuta baada ya kengele ya jioni wametoka Kongo. Wengine ni wake wa askari, wengine wamevuka kutoka Tanzania kupitia Mutukula. Maswali yao ni yale yale, na majibu ya mlangoni, mzazi kasimama juani na mtoto mgongoni, hayatoshi. Ndiyo maana nimeketi kuyaandika.

Mwanangu aliongoza darasa hadi P3. Alipofika P4 akawa wa mwisho. Amepatwa na nini?

Hajapatwa na kitu. Kilichobadilika ni lugha.

Kwa mtaala ulioanza mwaka 2007, shule za Uganda zinatakiwa kufundisha P1 mpaka P3 kwa lugha ya eneo husika, na Kiingereza kinakuwa somo moja tu katika ratiba. P4 ndiyo daraja: masomo yanahamia Kiingereza. Kuanzia P5 hakuna tena mchezo, kila kitu ni Kiingereza. Kwenye karatasi mpango huu ni mzuri, na mimi nauunga mkono, maana mtoto anajifunza kusoma kwa lugha anayoielewa. Shida ni kwamba mwaka mmoja ni mfupi mno kwa mtoto ambaye nje ya darasa hasikii Kiingereza popote. Anaingia P4 akijua kusalimia, kuhesabu na kutaja sehemu za mwili. Wiki ya pili anakuta somo la sayansi lenye maneno ya mmeng'enyo wa chakula.

Kwa watoto wetu wanaosema Kiswahili hali ni nzito zaidi. Hapa Isingiro lugha ya eneo ni Runyankore-Rukiga, ambayo kwa Kiswahili tunaiita Kinyankole. Kwa hiyo mtoto wa Kikongo anajifunza kusoma kwa Kinyankole ambacho si cha nyumbani kwake, na akianza kukizoea anahamishiwa Kiingereza. Shule nyingine, kwa kuwa zina watoto wa lugha nyingi, huanza na Kiingereza tangu P1, na huko mtoto hukaa miezi akiimba asichokijua. Ninapomwona mtoto wa namna hiyo anafika P7 na kufaulu, huwa nataka kumpigia magoti mama yake.

Mtihani wa P7 hauwezi kufanywa kwa lugha nyingine?

Hauwezi. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, PLE, unaotungwa na UNEB, baraza la mitihani la taifa, una masomo manne: Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Yote yanaulizwa na kujibiwa kwa Kiingereza. Kila somo lina alama kuanzia 1, ambayo ni bora kabisa, hadi 9. Ukijumlisha, mtoto bora anapata 4 na aliyeshindwa kabisa anapata 36. Kwa maneno mengine, somo la Kiingereza ni moja, lakini mtihani wa Kiingereza ni mara nne.

Lakini hesabu ni hesabu. Mbona anayejua kuhesabu anafeli hesabu?

Nilikuwa na msichana ambaye kila Jumamosi anauza nyanya na dagaa sokoni na mama yake. Kwenye jaribio la muhula wa pili kulikuwa na swali la mfanyabiashara aliyenunua mali kwa shilingi 12,000 akaiuza kwa 15,000, mwanafunzi aseme amepata *profit* gani. Msichana yule aliacha nafasi wazi. Nilimwita mezani, nikamwambia kwa Kiswahili: umenunua beseni la nyanya elfu kumi na mbili, umeuza zote, una elfu kumi na tano mkononi. Sijamaliza kuuliza, akasema, "Faida elfu tatu, mwalimu, lakini toa na ya gari." Alinikumbusha nauli ambayo hata mtunga swali aliisahau!

Sikuweza kumpa alama. Karatasi ilikuwa tupu. Usiku ule sikulala vizuri, na tangu siku hiyo kila Jumatatu naandika ubaoni maneno kumi ya Kiingereza cha hesabu na maana yake: gawanya sawasawa, kilichobaki, faida, hasara, upana, jumla. Watoto wananakili nyuma ya daftari. Haimalizi tatizo, ila wale wauza nyanya wangu wameanza kujibu.

Si mlisema Kiswahili ni lugha rasmi ya Uganda?

Ni kweli, kwa sheria. Katiba ya 1995 ilitaja Kiingereza peke yake, na marekebisho ya 2005 yakaongeza Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, kitumike kadiri Bunge litakavyopanga. Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha uamuzi wa kukikubali kama lugha rasmi, kwa kufuata agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kupendekeza kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 nao unakiweka kati ya masomo ya lazima S1 na S2, yaani miaka miwili ya kwanza ya sekondari. Lakini walimu wa kukifundisha ni wachache, na kuwa somo ni jambo moja, kuwa lugha ya kufundishia na ya mtihani ni jambo lingine. Hilo la pili halipo.

Historia yake ni ndefu. Miaka ya 1920 utawala wa Waingereza ulipotaka kukiingiza Kiswahili shuleni, ufalme wa Buganda ulikipinga kwa nguvu, mfalme wake, Kabaka Daudi Chwa, akiwa mstari wa mbele. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa kuwa askari ndio waliokuwa wakikisema, raia wengi wakakisikia pamoja na mlio wa buti. Wazee wa Kampala mpaka leo wakisikia Kiswahili barabarani hugeuka kuangalia nani anakuja. Kwa hiyo mtoto wako akichekwa shuleni kwa sababu ya Kiswahili, ajue kwamba kicheko hicho kilianza kabla yake. Hakimhusu yeye.

Je, tuache kusema Kiswahili nyumbani ili azoee Kiingereza?

Hapana. Tafadhali, hapana.

Swali hili linaniuma kwa sababu wanaoliuliza ni wazazi wenye mapenzi makubwa. Baba mmoja aliniambia amewakataza watoto Kiswahili tangu mwezi wa pili. Nikamuuliza, "Sasa mnaongea nini wakati wa kula?" Akanyamaza, kisha akasema, "Hatuongei sana." Yeye Kiingereza chake ni cha kuomba kazi ya kibarua, na mke wake hana kabisa. Alikuwa ameondoa lugha nyumbani, hakuweka nyingine.

Mtoto anahitaji lugha moja iliyojaa. Ndani yake ajue kusimulia kilichotokea, kueleza kwa nini, kubishana, kuomba radhi, kukisia kitakachofuata. Akishakuwa na hayo, Kiingereza kinapata pa kukaa. Asipokuwa nayo, anakariri sentensi. Ninawaona darasani: mtoto anasoma kwa sauti nzuri kwamba ng'ombe anakula majani, halafu ukimuuliza nani anakula, anakuangalia tu.

Faida nyingine ni kusoma kwenyewe. Kiswahili kinasomwa jinsi kilivyoandikwa. Mtoto akishajua ba, be, bi, bo, bu anaweza kusoma neno lolote ndani ya miezi michache, na akishajua kwamba herufi zinatoa sauti, ujuzi huo haumtoki. Kiingereza kinachosha: herufi *a* inasikika hivi katika *cat*, vingine katika *cake*, vingine tena katika *call*. Mtoto anayekutana na fujo hiyo kabla hajajua kusoma lugha yoyote hufikiri kusoma ni kubahatisha. Mfundishe kusoma Kiswahili wewe mwenyewe. Biblia, Kurani yenye tafsiri, karatasi ya kufungia sukari, chochote.

Mwanangu amepigwa kwa kusema Kiswahili shuleni. Nifanyeje?

Nenda kwa mwalimu mkuu, kwa adabu lakini nenda. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yamekataza adhabu ya viboko shuleni, iwe kwa kosa la lugha au lingine lolote.

Mimi mwenyewe nilivaa kibao. Kilikuwa kipande cha mbao chenye kamba ya katani, kimechakaa pembeni kwa kushikwa na mikono mingi. Ukisikika unasema lugha ya nyumbani unavishwa shingoni, na njia pekee ya kukivua ni kumkamata mwenzako naye akisema. Anayelala nacho jioni anachapwa. Kwa hiyo saa ya mapumziko tulinyemeleana kama paka. Rafiki yangu aliwahi kunikanyaga mguu makusudi ili nipige kelele kwa Kiswahili, nami nikapiga. Nakumbuka harufu ya kile kibao, jasho la watoto wa shule nzima. Sikujifunza neno hata moja la Kiingereza kwa ajili yake. Nilijifunza kunyamaza, na mwaka wa P5 walimu wakaandika kwenye ripoti yangu kwamba mimi ni mtoto mtulivu. Bado ziko shule zinazoendelea na mtindo huo kwa sura mbalimbali, nyingine kwa kuvisha watoto gunia. Msiukubali.

Wale watoto wa mjini wanakipata wapi hicho Kiingereza?

Kwa pesa, na mapema. Mtoto wa mwenye nacho Kampala au Wakiso anaingia nasari akiwa na miaka mitatu, anaimbiwa Kiingereza, katuni ni za Kiingereza, shangazi anapiga simu kutoka London kwa Kiingereza. Akifika P4 ana miaka sita ya lugha hiyo. Wa kwetu ana vile vipindi vya somo moja, katika chumba cha watoto zaidi ya mia, kitabu kimoja wakikigombea watano. Kisha wote wawili wanapewa karatasi moja, siku moja, saa moja. Hapo ndipo neno usawa linaponishinda kulitamka.

Mpango wa elimu ya msingi bila karo, UPE, ulipoanza 1997 uliwaleta darasani mamilioni ya watoto, na ule wa sekondari ukafuata 2007. Ni kazi kubwa, nisiibeze. Lakini wenye uwezo waliwahamishia watoto wao shule za kulipia, na shule za serikali vijijini zikabaki na wengi wasio na pa kwenda. Halafu alama za PLE ndizo zinazoamua nani anaingia sekondari nzuri, ambazo karo yake inaweza kupita milioni moja kwa muhula.

Mbegu ilipandwa zamani. Gayaza, shule ya wasichana iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1905, na King's College Budo ya mwaka 1906, zilianza kwa ajili ya mabinti na wana wa machifu. Kiingereza kilitolewa kwa wachache ili wafanye kazi na utawala. Leo milango iko wazi kwa jina, ila ufunguo umekuwa karo. Hata kugombea ubunge, ibara ya 80 ya Katiba inadai uwe na elimu ya kiwango cha S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, au inayolingana nayo. Hesabu mwenyewe ni wangapi wa P4 yangu watafika huko.

Shule ya binafsi ya bei nafuu, ile ya "Kiingereza tupu", ni bora?

Pengine. Nyingi za hizi za mabati pembeni mwa miji huwalipa walimu kidogo kuliko serikali, na Kiingereza tupu kinakuwa ni kuitikia kwa pamoja. Kabla hujauza mbuzi, nenda siku ya kawaida, si siku ya wageni. Simama dirishani. Watoto wanauliza maswali au wanaitikia tu? Kuna vitabu mikononi mwao? Kisha shika daftari la mtoto yeyote uone kama kuna sentensi aliyoitunga mwenyewe, au yote yamenakiliwa ubaoni. Kama yote yamenakiliwa, bakisha mbuzi wako.

Binti yangu ana miaka 14, alisoma Kongo kwa Kifaransa, wamemweka P3. Ni haki?

Si haki, na ninaelewa kwa nini wanafanya hivyo. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mtoto mkimbizi elimu ya msingi sawa na Mganda. Shule inampokea, lakini haina pa kumfundishia Kiingereza peke yake, basi inamshusha akae na wadogo mpaka lugha imwingie. Kwa msichana wa miaka 14 kukaa na wa miaka minane ni aibu ya kila siku. Wengi huacha, na wakiacha huolewa.

Omba mambo mawili. Kwanza, apimwe hesabu kwa lugha anayoijua, ili mwalimu aone kiwango chake cha kweli. Pili, kila muhula uulize kama anaweza kurushwa darasa. Walimu wengi hukubali mzazi akiuliza, lakini asipouliza hukaa kimya, maana darasa limejaa. Uliza pia kama karibu kuna masomo ya kufidia yanayotolewa na mashirika, yale ya kubana madarasa mawili au matatu katika mwaka mmoja. Na kama amemaliza sekondari Kongo, vyeti vyake hulinganishwa na UNEB. Vitunze kwenye nailoni, visinyeshewe.

Walimu wenyewe wanakijua Kiingereza?

Wengine vizuri, wengine kwa shida, na nalisema hili kuhusu wenzangu ninaowapenda. Mwalimu wa msingi aliyesoma shule kama hizi hizi, akaenda chuo, akarudi hapa, alitoa wapi Kiingereza cha kuogelea? Anayeanza kazi analipwa shilingi laki tano hivi kwa mwezi. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada katika sekondari hadi milioni nne, na walimu wa sanaa, yaani wa masomo yasiyo ya sayansi, wakaachwa walipokuwa. Kiingereza kinahesabiwa sanaa. Lugha inayobeba masomo yote, sayansi ikiwemo, mwalimu wake ndiye aliyeachwa nyuma. Tuligoma mwaka huo, na sijaona aibu kwa kugoma.

Bado mnalaumu korona?

Ndiyo. Shule zilifungwa Machi 2020, na zikafunguliwa kwa wote Januari 2022. Hakuna nchi duniani iliyofunga kwa muda mrefu kuliko hapo. Masomo yalitolewa redioni, kwenye televisheni na magazetini. Nyumba isiyo na redio ilikosa, na iliyo nayo mara nyingi ilisikia Kiingereza bila mtu wa kueleza. Wako wasichana niliowaacha P5 ambao walirudi shuleni miaka baadaye, kumwandikisha mtoto wao nasari.

Mimi sijui Kiingereza hata kidogo. Nitamsaidiaje?

Unaweza kuliko unavyodhani. Kila jioni, akiwa anamenya viazi au wewe unasonga ugali, mwambie akueleze kwa Kiswahili walichosoma. Usimuulize "umesoma nini", atakujibu "Kiingereza". Muulize: hadithi ilikuwa ya nani? Alifanya nini? Ingekuwa wewe ungefanyaje? Akishindwa kueleza, basi hakuelewa, na kesho amuulize mwalimu. Mtume kwangu kama ni mwanafunzi wangu.

Mwambie pia akufundishe wewe maneno matatu kwa siku. Mtoto anayemfundisha mama hasahau. Akichanganya *he* na *she*, usimcheke: Kiswahili kina "yeye" mmoja kwa wote, kwa hiyo kosa hilo linaonyesha anafikiri, na litaisha.

Na simu?

Inasaidia kama kuna bando. Kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii iliondolewa 2021, ikaja asilimia 12 juu ya data, kwa hiyo intaneti bado si ya bure kwa maskini. Ukipata mtandao mara moja, ingia tovuti ya African Storybook, pakua hadithi za watoto. Zipo kwa Kiswahili, kwa Kinyankole na kwa Kiingereza, na nyingi ni hadithi ile ile kwa lugha mbalimbali. Zikishaingia kwenye simu hazihitaji bando tena. Soma ya Kiswahili kwanza, picha zile zile zifuate kwa Kiingereza kesho yake.

Sisi wakubwa je? Muda umepita?

Haujapita. Jumanne na Alhamisi jioni hukaa na akina mama kumi na kitu barazani kwangu. Tulianza na karatasi ya dawa ya kliniki, kwa sababu ndiyo waliyoileta: mara mbili kwa siku, baada ya kula, usimpe mtoto. Tukaja ripoti ya shule, kisha fomu ya benki. Mmoja alikuwa akisaini kwa kidole gumba. Mwezi uliopita alisaini ripoti ya mwanawe kwa jina, akaniletea nione, wino ukiwa umevuja kidogo kwa jinsi alivyokaza kalamu.

Lete daftari na kalamu ya risasi, si ya wino, maana tutafuta sana. Mtoto mchanga aje naye. Kama una kitabu chochote cha Kiswahili, kibebe, tunaanza na hicho.